Trela Iliyopumzika Jumapili

Watu wa mji wa Paxman walisema ukitaka jambo lako lisivume, usimfiche Verla Wixom. Mwambie tu. Akiambiwa hulisahau, akifichwa halali. Siku ya harusi yake mwenyewe alichelewa kanisani kwa sababu alisimama kuwauliza zimamoto kwa nini wamefungua bomba la maji mbele ya benki, na alipofika, shela begani, alianza kuwaeleza wageni habari za bomba kabla hajafika kwa bwana harusi. Lamont, mumewe, alizoea kusema kwamba yeye hakuoa mke, aliposwa na karani wa sensa.

Sasa Verla alikuwa na miaka sitini na tatu, mjane, na kazi aliyoipata uzeeni ilimfaa kama vile ilishonwa kwa vipimo vyake. Ofisi ya misitu ilimpa pikapu ya kijani, redio, na kitita cha stika za rangi ya chungwa, ikamwambia alinde Korongo la Birch kuanzia Juni hadi Septemba. Korongo lile ni ardhi ya umma. Kuna viwanja thelathini na kitu vya kupiga kambi kando ya kijito, havina bomba wala choo cha maana, havilipiwi, na anayewahi ndiye anayekaa. Sheria yake ni mistari miwili: siku kumi na nne ukusanye virago, na usiiache kambi yako bila mtu zaidi ya saa ishirini na nne. Sheria mistari miwili, ujanja wa watu hauna mwisho.

Verla aliusoma ujanja huo kama wengine wanavyosoma gazeti. Kuna walioleta trela ya kulala Jumanne, wakaifunga kufuli na kurudi mjini, ili wikendi wakute kiwanja kinawangoja. Kuna wazee waliokaa mpaka siku ya kumi na nne, kisha wakaivuta trela hatua tatu na kuapa kwamba wamehama. Kwa hao Verla alikuwa na dawa: aliweka kijiwe juu ya tairi, na kijiwe kikikutwa palepale, gurudumu halijazunguka. Mmoja alifunga mnyororo wa mbwa kwenye kigingi, akaweka na bakuli la maji, ila mbwa hakuwepo. Verla alimwita mbwa huyo kwa dakika kumi nzima, kwa raha zake.

"Bibi, mke wangu yuko dukani, anarudi sasa hivi," bwana mmoja alimwambia kwa simu.

"Dukani tangu Jumanne?"

"Kuna foleni."

Alicheka, lakini stika alibandika. Pale hakuwa na mzaha, na sababu yake aliijua mwenyewe. Miaka miwili nyuma, Lamont akiwa amebakiwa na wiki chache za kuishi, Verla alimpakia garini akampeleka korongoni akaketi kando ya maji mara moja ya mwisho. Walipita kiwanja baada ya kiwanja, na kila kimoja kina trela, na kila trela imefungwa. Walifika mpaka cha mwisho, pale barabara inapoishia na mierebi imeinamia kijito. Nacho kilikuwa na trela, nyeupe yenye mstari wa kahawia, mlango umefungwa, gari halipo. Wakageuza. Lamont alikufa Septemba. Msimu uliofuata Verla akaomba kazi.

Kwa hiyo mkimsikia mtu akisema "asiyekuwepo na lake halipo," methali tu kwenu. Kwa Verla ilikuwa dini ya pili.

Jumamosi ya tarehe kumi na moja Julai, katika msimu wake wa pili, alikuta trela mpya kwenye kiwanja kilekile cha mwisho. Ilikuwa na namba za Nevada. Nje palikuwa na viti viwili vya kukunja, buti za kiume mlangoni, na shati la bluu kwenye kamba. Mtu hakuwepo. Verla aliandika tarehe, akahesabu kwa vidole. Siku kumi na nne kutoka hapo zinafika tarehe ishirini na tano. Aliyeiweka alijua hesabu, maana tarehe ishirini na nne ndiyo sikukuu ya mababu waliokuja na mikokoteni, na watu wa huku hawaiiti jina lolote jingine ila Ishirini na Nne. Siku hiyo koo nzima hukusanyika, na kiwanja chenye kivuli na maji hutafutwa kama dhahabu.

Jumapili hakuna kilichobadilika. Jumatatu shati la bluu lilikuwa limeondoka, na badala yake kulikuwa na taulo mbili. Buti zilikuwa zimeelekea upande mwingine. Jumanne kulikuwa na majivu mapya, bado ya moto. Jumatano karata zilikuwa mezani, mchezo umeachwa katikati. Alhamisi palikuwa na gamba la tikiti maji, na kila siku Verla alipofika, asubuhi, adhuhuri au alasiri, mtu ndiyo kwanza ametoka.

"Kuna kiumbe," alijiambia, na alifurahi kama mtoto. Alikaa ndani ya pikapu akaitazama kambi ile nusu saa. Aliziangalia karata: wachezaji wawili, na mmoja anashindwa vibaya sana lakini haachi. Alizipima buti kwa mguu wake. Jumatatu zilikuwa namba kumi na moja. Ijumaa zilikuwa namba tisa.

Mtu gani huyu miguu yake inasinyaa?

Hapo ndipo alipofungua daftari lake akarudia kurasa. Shati, taulo, majivu, karata, tikiti, kila siku na lake. Ila Jumapili. Jumapili kambi ililala fofofo. Shati la Jumamosi lilibaki kwenye kamba mpaka Jumatatu. Sasa, mtu wa kambi kutoka Nevada hajali Jumapili. Siku hiyo ndiyo anavua samaki na kufungua bia yake. Ni watu wa aina moja tu wanaoweza kusema uongo siku sita mfululizo, kisha ya saba wakapumzika. Na Verla aliwajua wote kwa majina, kwa kuwa alibatizwa nao katika kanisa moja.

Jumamosi ya tarehe kumi na nane alipata ushahidi. Kando ya jiko la mawe palikuwa na bakuli la kioo la kuokea, limebaki na ukoko wa viazi vya matanga, vile vya jibini na chenga za mahindi juu ambavyo huku haviepukiki, uwe umefiwa au umeoa. Verla alilipindua. Chini palibandikwa utepe wa karatasi wenye jina limeandikwa kwa wino mzito: LaRue Beckstead. Kila mwanamke wa kanisa lile huandika jina chini ya bakuli lake ili limrudie. Hata akienda kufanya udanganyifu msituni, bakuli lazima lirudi nyumbani.

LaRue alikuwa mkuu wa akina mama kanisani. Verla aliona picha nzima, kana kwamba alikuwepo: karatasi ya zamu ikipita benchi kwa benchi baada ya ibada, ileile inayopita mtu akiugua ili apelekewe chakula. Jumatatu familia fulani, Jumanne fulani. Wanapanda korongoni, wanageuza buti, wanabadili nguo, wanawasha moto, wanacheza karata kidogo, wanashuka. Na karatasi haikumfikia yeye, kwa sababu tangu ashike kazi Jumapili zake ziliishia korongoni, na kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anafichwa. Walewale waliomletea viazi siku Lamont alipokufa! Kikulacho ki nguoni mwako. Furaha ya udadisi ilimtoka mara moja, akabaki na uchungu mtupu.

Akatoa stika ya chungwa, akaibandika mlangoni katikati kabisa. Kambi haina mtu. Saa ishirini na nne, kisha itakokotwa. Kwenye nafasi ya muda aliandika: Jumamosi, saa sita mchana. Alijua vizuri anachokifanya. Kesho saa sita wote watakuwa wamevaa tai.

Simu ililia kabla hajafika barabara ya lami; bila shaka wa zamu alikuwa karibu, akaiona stika.

"Dada Verla," alisema LaRue, "umebandika Jumapili? Jumapili, jamani?"

"Nimebandika Jumamosi. Jumapili inakuja yenyewe."

"Unajua kabisa hatuwezi kupanda siku hiyo!"

"Basi lalaneni huko leo. Sheria inataka mtu, Dada LaRue, haitaki buti za mumeo Gaylen zikigeuzwageuzwa. Na za nani zile namba tisa?"

"Za mkwe wangu."

"Nilijua mtu hawezi kusinyaa."

"Usinifanyie mzaha! Trela tumeazima, lakini kiwanja ni cha Ndugu Orval. Orval Jeppson! Amekaa pale kila Ishirini na Nne tangu sisi wasichana. Amempoteza Afton majira ya baridi, amevunja nyonga majira ya kuchipua, watoto wake wanakuja kutoka majimbo manne. Tulitaka akifika akute mahali pake. Ni dhambi hiyo?"

"Kiwanja cha umma hakina mwenyewe," alisema Verla, na sauti ikaanza kumkatika. "Na mimi nilipomtafutia Lamont mahali, karatasi yenu ya zamu ilikuwa wapi?"

"Hukusema, Verla. Ungesema tungekushikia korongo zima. Wewe unauliza habari za kila mtu, lakini kuomba hujui."

"Kambi iliyoshikwa hivyo ndiyo iliyonifukuza."

"Haya. Basi nenda ukamwambie mzee mwenyewe," alisema LaRue, naye sasa analia au anakaribia. "Mtazame usoni umwambie umeng'oa kambi yake. Mimi sitamwambia."

Ni neno ambalo angeambiwa mtu mwingine, asingekwenda. Verla Wixom, ukimwambia kuna uso ambao hajauona, atautafuta. Usiku kucha aligeuka kitandani akijiuliza mzee atasema nini, na kulipokucha alivaa sare, akapitia kwanza nyumba ya Orval, nyuma ya ghala la nafaka. Mji ulikuwa unaelekea kanisani. Watu walimwona akikunja kona ile, na hakuna aliyempungia.

Mzee Orval alikuwa ameketi ndani ya gereji, mlango umefunguliwa wote, fremu yake ya kutembelea mbele yake, anatazama barabara. Miaka themanini na minne. Kanisani alikuwa haendi kwa muda, kwa sababu lile benchi na ile nyonga havikuelewana.

"Verla! Umekuja kunikamata?"

"Karibu hivyo, Ndugu Orval. Nimekuja kuhusu kambi yako."

"Kambi gani?"

Verla alimtazama. Akamtazama tena. Mzee hakuwa anaigiza. Basi akamweleza yote, trela ya Nevada, taulo, karata, viazi, mpaka stika, na alipofika kwenye buti mzee alianza kucheka akashika ubavu.

"LaRue ameniwekea trela? Mimi, na nyonga hii? Nipande ngazi vipi, anibebe? Ishirini na Nne mimi nilipanga nikae hapahapa, nile aiskrimu, watoto wanikute nimepoa. Afton ndiye aliyekuwa na kichaa cha kijito. Mimi nilikuwa namfuata." Akafuta macho. "Wamepanda kila siku?"

"Ila Jumapili."

"Ila Jumapili, naam. Watu wazuri sana hawa. Ila kuuliza si ujinga, wangeniuliza." Alitazama saa ya ukutani. "Inakokotwa saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na mtu akiwepo?"

"Akiwepo mwenyewe, stika inatoka. Usiku lazima mtu alale."

"Gaylen atalala. Anakoroma, hata dubu watahama korongo." Akaanza kuinuka, mikono juu ya fremu. "Nyanyua huo upande, binti. Nataka kuiona hiyo kambi yangu."

Ilikuwa saa nne na robo walipofika mwisho wa barabara. Verla alibandua stika, akaandika kwenye daftari *mwenyewe yupo*, na mkono ulimwia mzito alipoandika, kwa maana sehemu ya moyo wake bado ilitaka ile trela iondoke. Mierebi, maji, kivuli: hapa ndipo angemkalisha Lamont. Kila siku alipaona, na kila siku palimchoma.

Mzee alivitazama vile viti viwili mbele ya mlango, akatikisa kichwa.

"Nani ameweka viti juani? Hapa hakai mtu. Mimi hukaa kule, chini ya mierebi, ndoano majini." Walisogea pole pole, hatua na fremu, hatua na fremu, mpaka Verla akamweka kitini pale alipotaka. Kutoka pale sehemu ya kugeuzia magari ilionekana yote, lakini kwa anayetazama kutoka kule, trela iliuziba mti nusu.

Orval alitazama sehemu ya kugeuzia magari. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mwaka juzi mlinipita hapa."

"Nani?"

"Wewe na Lamont. Mwanzoni mwa Agosti."

Verla alisimama. "Ile nyeupe? Yenye mstari wa kahawia?"

"Tuliinunua wiki hiyohiyo kwa binamu yangu."

"Ilikuwa tupu!"

"Tupu vipi, nami nimekaa hapa? Afton alichukua gari kwenda kuleta barafu."

"Sikukuona, Ndugu Orval. Haki ya Mungu sikukuona."

"Utanionaje? Ulikuwa unapigana na usukani, unatazama nyuma usiingie mtaroni. Lamont ndiye aliyeniona. Dirisha lake lilikuwa huku. Nilimpungia, naye akanipungia. Nikaanza kuinuka niwaite, mje mkae, nafasi ipo ya watu ishirini. Akafanya hivi." Mzee aliinua kiganja, akakishusha taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake keti, acha. "Nikaketi. Afton aliporudi alinigombeza wiki nzima. Alisema ningekimbia nikasimama mbele ya gari."

Verla alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha mzee. Maneno ya Lamont yalimrudia yote, na sauti yake, ile nyembamba ya siku za mwisho. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Aliniambia, 'Wenyewe hawapo, Verla. Twende zetu nyumbani.'"

"Alisema hatupo?"

"Ndivyo alivyosema. Nami nikamwamini, nikageuza. Nilitaka kushuka nikagonge mlango. Akasema hawapo."

Orval alipitisha mkono usoni. "Mimi nilimfundisha kubeba mabomba ya kumwagilia shambani kwangu, akiwa na miaka kumi na minne. Wenzake wanabeba moja, yeye anabeba mawili, tena anakimbia. Siku ile nilivyomwona dirishani... Hakutaka nimwone vile. Ndivyo nilivyoelewa mimi. Sikudhani hakukwambia."

Miaka miwili. Misimu miwili ya stika, ya kuchukia milango iliyofungwa, ya kuwachukia majirani zake bila kuwaambia. Na aliyemfungia mlango alikuwa amekaa kando yake garini, mkanda kiunoni, anasema uongo wake wa kwanza katika ndoa ya miaka thelathini na nane. Hasira zilimpanda mpaka masikioni. Alitaka Lamont awepo dakika moja tu amfokee. Kisha alijikuta anacheka, na machozi yanatoka, na hakujua kipi kilianza. Karani wa sensa! Nyumba ya kila mtu ameipita na daftari, akaiacha ya kwake.

"Nimekuumiza," alisema mzee.

"Umeniumiza, ndiyo." Alivuta kiti cha pili kutoka juani, akakiweka kando ya mzee, akaketi. Alijifuta kwa mkono wa shati la serikali. Maji yalipita. Ilikuwa bado saa nzima kabla ya saa sita, na kanisani sasa walikuwa wanaimba.

"Ndugu Orval."

"Naam."

"Alipokupungia. Alitumia mkono upi?"

Mzee alifikiri kwa makini, akafumba jicho moja, akajaribu mkono mmoja kisha mwingine hewani.

"Wa kulia," alisema. "Aliutoa nje ya dirisha wote, mpaka kiwiko. Na alikuwa anacheka, Verla."